Trei ni mayai 30, lakini uzito haufanani

GITEGA/MUYINGA

Katika soko la Gitega, kama ilivyo Muyinga na ng'ambo ya mpaka wilayani Ngara, yai huuzwa kwa kuhesabiwa. Mchele na maharage hupimwa kwa mizani au kwa kopo. Nyama hupimwa. Yai halipimwi. Muuzaji anataja bei ya moja au bei ya trei, mnunuzi anahesabu mpaka 30, analipa na kuondoka.

Utaratibu huo ni mwepesi na umezoeleka, lakini unaficha hasara. Kuku hatagi kwa kufuata trei. Mayai mawili yaliyotoka katika banda moja, asubuhi moja, yanaweza kupishana uzito kwa robo nzima. Anayenunua jumla Muyinga na kuuza rejareja Gitega, au anayevusha mzigo kati ya Kobero na Kabanga, hulipia idadi huku mteja wake wa mwisho akila uzito.

Wataalamu wa viumbe wamechunguza kwa miaka mingi kwa nini yai la mnyama mmoja ni dogo kama kichwa cha sindano na la mwingine linajaza mikono miwili, na kwa nini mengine ni ya mviringo kama mpira na mengine yamechongoka upande mmoja. Majibu yao yana faida hata kwa mtu ambaye kazi yake ni kupanga trei juu ya baiskeli au ndani ya gari la mizigo.

Hesabu ya trei

Chukua mfano wa trei mbili. Ya kwanza ina mayai ya wastani wa gramu 45, ambayo ni ya kawaida kwa kuku mdogo aliyeanza kutaga. Ya pili ina mayai ya gramu 60, ya kuku wa kisasa aliyekomaa. Trei ya kwanza inabeba gramu 1,350 za mayai. Ya pili inabeba gramu 1,800. Zote mbili ni mayai 30.

Kwa mfanyabiashara wa trei 100, tofauti hiyo inafika kilo 45. Ukiigawanya kwa mayai ya gramu 60, unapata mayai 750, yaani trei 25. Aliyelipa bei moja kwa mizigo hiyo miwili amepoteza au amepata robo ya mali bila kuona.

Nchi nyingine zilishaliona tatizo hili. Katika Umoja wa Ulaya, mayai ya kuku hupangwa kwa madaraja manne ya uzito. Yaliyo chini ya gramu 53 ni madogo. Kuanzia 53 hadi chini ya 63 ni ya kati. Kuanzia 63 hadi chini ya 73 ni makubwa. Gramu 73 na kuendelea ni makubwa sana. Marekani hupima uzito wa dazeni nzima. Mnunuzi wa huko bado anahesabu mayai, lakini anajua anahesabu mayai ya daraja gani.

Ukanda wetu una tofauti kubwa zaidi kwa sababu kuku wenyewe wanatofautiana. Kuku wa kienyeji, anayejitafutia chakula uani na kuatamia vifaranga vyake, kwa kawaida hutaga yai la gramu 40 hivi. Kuku wa kisasa wa mayai, aliyezalishwa kwa kazi hiyo, huvuka gramu 60. Mwenye kuku wa kienyeji hauzi uzito, anauza ladha na sifa, na wateja wengi wako tayari kulipia hayo. Tatizo linakuja pale mayai ya aina mbili yanapochanganywa katika trei moja.

Mtaji wa kuku

Ukubwa wa yai huanzia kwenye mwili wa anayetaga. Kiini kikishaiva hutoka katika kifuko cha mayai na kuanza safari ndani ya mrija wa uzazi. Humo huvikwa ute kwa saa tatu hivi, kisha ngozi mbili nyembamba, na mwisho ganda. Kazi ya ganda peke yake huchukua saa 20 hivi. Safari nzima ni kati ya saa 24 na 26, ndiyo maana kuku mzuri hutaga kwa kuchelewa kidogo kila siku, mpaka anafika siku ya kuruka.

Ganda la yai la kawaida lina uzito wa gramu tano hadi sita, na karibu gramu mbili kati ya hizo ni madini ya kalsiamu. Madini hayo yanatoka katika chakula, na yasipotosha kuku huyachota katika mifupa yake. Mfugaji anayebana matumizi kwa kuacha chokaa ya mifugo au unga wa magamba hupunguza gharama leo, lakini mnunuzi wake huilipa njiani, mayai yanapopasuka.

Umri una nafasi kubwa. Kuku wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na mayai yake ya kwanza ni madogo yenye ganda gumu. Kadiri anavyozeeka yai linakua, lakini madini anayoweka kwenye ganda hayaongezeki kwa kiwango hicho hicho. Kwa hiyo ganda linakuwa jembamba. Yai kubwa kupita kiasi kutoka kwa kuku wazee linavutia macho sokoni, nalo ndilo la kwanza kuvunjika barabarani.

Joto nalo lina sehemu yake. Kuku asiyeweza kutoa jasho hupoza mwili kwa kuhema. Anapohema sana hupoteza hewa ya kaboni ambayo damu yake inaihitaji kutengeneza ganda, na pia hupunguza kula. Matokeo ni yai dogo lenye ganda dhaifu. Gitega iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na Muyinga iko juu zaidi. Ubaridi wa vilima hivyo ni msaada kwa mfugaji, msaada ambao mwenzake wa Bujumbura au Dar es Salaam hana budi kuugharamia kwa banda lenye hewa ya kutosha na maji ya baridi.

Rangi ya ganda, ambayo baadhi ya wateja huilipia zaidi, haielezi ubora. Yai jeupe au la kahawia hutokana na aina ya kuku. Rangi ya kiini hutokana na chakula: mahindi ya njano na majani mabichi hukifanya kiwe cha manjano iliyokolea.

Kwa nini yai lina ncha

Watu wengi hudhani ganda ndilo linalolipa yai umbo. Sivyo. Umbo huamuliwa na zile ngozi mbili za ndani, kabla ganda halijaanza kuwekwa. Ukiloweka yai katika siki kwa siku moja au mbili ganda huyeyuka, na yai linabaki na umbo lake likiwa limefungwa na ngozi tupu.

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Mary Caswell Stoddard wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa karibu mayai 50,000 ya ndege wa aina zipatazo 1,400, yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Berkeley. Walikuta kwamba maumbo ya mayai yanakwenda sambamba na namna ndege wanavyoruka. Ndege warukaji hodari, wenye miili iliyobana kwa ajili ya safari ndefu, mara nyingi hutaga mayai marefu au yaliyochongoka. Bundi, ambaye hana safari za namna hiyo, hutaga yai linalokaribia kuwa mviringo kamili.

Maelezo hayo hayakumaliza mjadala. Tim Birkhead wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, aliyechunguza ndege wa baharini wanaotaga juu ya miamba bila kiota, ameonyesha kwamba yai lililochongoka sana hutulia vizuri zaidi kwenye mteremko kuliko la mviringo. Ndege wadogo wa ufukweni wa jamii ya chamchanga, ambao baadhi yao huhamia Afrika Mashariki wakati wa baridi ya Ulaya, hutaga mayai manne yenye ncha. Huyapanga ncha zikitazama katikati, kama vipande vya chungwa, na mama mmoja anayafunika yote kwa tumbo lake dogo.

Kuku yuko katikati ya hao wote. Wafugaji hupima umbo la yai kwa kugawanya upana wake kwa urefu, kisha kuzidisha kwa 100. Yai la kawaida la kuku huwa kati ya 72 na 76. Likishuka chini ya hapo ni refu na jembamba. Likizidi linaelekea kuwa la mviringo.

Namba hiyo ina maana kubwa barabarani. Mashimo ya trei yametengenezwa kwa ajili ya yai la kawaida. Yai refu hutokeza juu ya wenzake, na trei nyingine ikiwekwa juu yake ndilo linalobeba uzito wote. La mviringo na nene halishuki vizuri katika shimo lake, nalo hugusana na jirani. Ganda la yai lina nguvu zaidi kwenye ncha zake kuliko ubavuni, na hiyo ni sababu mojawapo ya kulisimamisha badala ya kulilaza.

Sababu ya pili iko ndani. Kwenye upande mpana kuna kifuko cha hewa. Yai likisimamishwa ncha ikiwa chini, kifuko kinabaki juu na kiini kinakaa katikati. Likigeuzwa, hewa inasukuma kwenda juu, kiini kinasogea kuelekea kwenye ngozi, na yai huharibika mapema.

Kutoka Ruvubu hadi Mafia

Ukiondoka mjini Muyinga kuelekea kusini unaikaribia Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 50,000. Mto Ruvubu wenyewe hautambui mipaka. Unatoka Burundi, unaingia Tanzania, unaungana na maji ya Kagera karibu na Rusumo na kuendelea hadi Ziwa Victoria, kisha Nile.

Mamba wa mto huo hutaga mayai ambayo hayana upande mpana wala ncha. Pande zote mbili zinafanana. Jike huchimba shimo kwenye mchanga au udongo mkavu, akafukia mayai yapatayo 50, na kulinda mahali hapo kwa karibu miezi mitatu. Yai la mamba lina urefu wa sentimita saba hadi nane hivi. Jinsia ya mtoto huamuliwa na joto la shimo: kiwango fulani cha kati hutoa madume wengi, na joto likiwa chini au juu ya hapo hutoka majike.

Chatu na kenge, kama mijusi na nyoka wengine wengi wanaotaga, wana yai lenye ganda laini kama ngozi. Yai hilo hunyonya maji kutoka kwenye udongo na kuvimba. Kasa wa pwani ya Bahari ya Hindi hutaga mayai ya mviringo kama mpira mdogo, mara nyingi zaidi ya 100 katika shimo moja. Umbo la mviringo ndilo linalotumia ganda kidogo kufunika ujazo mkubwa, na ndani ya shimo hakuna hatari ya kubingirika.

Kwa ndege walio hai, mkubwa wa mayai ni mbuni wa mbuga za Tanzania na Kenya. Yai lake lina urefu wa sentimita 15 hivi na uzito wa kilo 1.4, sawa na mayai ya kuku zaidi ya 20. Ganda lake lina unene wa karibu milimita mbili. Hata hivyo, kwa mama wa kilo 100, yai hilo ni asilimia moja na nusu tu ya mwili. Kuku wa kisasa wa kilo 1.8 anayetaga yai la gramu 60 ametoa zaidi ya asilimia tatu. Kiwi wa New Zealand, ndege asiyezidi kuku kwa umbo, hutoa yai linalofika asilimia 20 ya uzito wake.

Kisiwa cha Madagascar kiliwahi kuwa na mkubwa kuliko hao wote. Ndege aliyetoweka huko miaka ipatayo 1,000 iliyopita, ambaye hakuweza kuruka, alitaga yai la urefu wa zaidi ya sentimita 30, lenye ujazo wa mayai ya kuku yapatayo 150. Maganda yake bado huokotwa mchangani. Upande wa pili wa mizani wako ndege wadogo wa Amerika wanaonyonya maua wakielea hewani. Yai la mdogo wao, anayeishi Cuba, linalingana na punje ya kahawa.

Baharini, papa potwe anayeonekana kila mwaka karibu na kisiwa cha Mafia, Tanzania, ndiye anayetajwa kuwa na yai kubwa kuliko wanyama wote walio hai. Lililopatikana katika Ghuba ya Mexico mwaka 1953 lilikuwa na urefu wa sentimita 30 hivi. Papa huyo hulihifadhi yai tumboni mpaka mtoto aanguliwe, ndiyo maana ni nadra sana kulikuta majini.

Mengi madogo au machache makubwa

Nyuma ya tofauti hizo zote kuna uamuzi ambao mfanyabiashara yeyote anaujua. Mama ana mtaji wenye kikomo. Anaweza kuugawanya katika vipande vingi vidogo, akitumaini vichache vitapona. Au anaweza kuuweka katika vipande vichache vikubwa na kuvilinda.

Sangara wa Ziwa Victoria amechagua njia ya kwanza. Jike mkubwa humwaga mamilioni ya mayai yasiyofika milimita moja, kisha huyaacha. Kupe anayewatesa ng'ombe hutaga maelfu kwa mkupuo mmoja na kufa.

Njia ya pili imefikia kilele katika Ziwa Tanganyika. Samaki wengi wa huko wa jamii ya sato hutaga mayai machache, makubwa yenye kiini kingi, na mama huyabeba mdomoni mpaka vifaranga viweze kuogelea. Mtaji huo mkubwa umevutia mwizi. Aina moja ya ngogo wa ziwa hilo huyatupia mayai yake, yaliyo madogo zaidi, katikati ya hayo wakati mama anayaokota. Watoto wa ngogo huanguliwa mapema na kuwala wenyeji wao humo humo mdomoni. Ni tabia inayofanana na ya kekeo, ndege anayetaga katika viota vya wengine na ambaye yai lake mara nyingi hufanana rangi na ya mwenye kiota.

Mbung'o amekwenda mbali zaidi. Hatagi kabisa. Hulea mtoto mmoja tumboni kwa wakati, akamzaa akiwa tayari kujichimbia ardhini.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya mayai ya wadudu wa aina zaidi ya 6,000. Walitaraji kwamba mdudu mkubwa atakuwa na yai kubwa, au kwamba yai kubwa litachelewa kuanguliwa. Hawakukuta hivyo. Kilichoeleza tofauti za ukubwa na umbo ni mahali mayai yanapowekwa. Wanaotaga majini na wanaotaga ndani ya miili ya wadudu wengine wana mayai yenye ukubwa na maumbo ya pekee. Mazingira yalikuwa na sauti kuliko ukubwa wa mama.

Kusoma trei kabla ya kulipa

Yai la kuku ni jembamba wa ganda na limejaa vitundu. Kwa wastani lina maelfu ya vitundu visivyoonekana, na kwa vitundu hivyo maji hutoka na hewa huingia. Yai lililokaa hupungua uzito, na kifuko chake cha hewa hupanuka. Ndiyo maana likiwekwa majini yai bichi lililotagwa karibuni hulala chini, la siku nyingi husimama, na lililoharibika huelea. Anayenunua jumla hawezi kuyazamisha yote, lakini mawili au matatu kutoka kila trei yatatosha kumweleza umri wa mzigo. Yaliyojaribiwa yasirudishwe kuhifadhiwa, kwa sababu maji huondoa utando unaoziba vitundu na kufungulia vijidudu njia.

Umbo nalo linazungumza. Yai moja lenye mikunjo au lililopinda katika trei si jambo la kushangaza. Kuku alishtuka, au ni kigoli aliyeanza kutaga. Mayai mengi ya namna hiyo katika mzigo mmoja ni onyo. Mkamba wa kuku, ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa, huacha ganda likiwa na mikunjo na ute ukiwa wa maji. Mdondo nao, ambao baadhi huuita kideri, hufanya kuku wanaopona watage mayai laini au yasiyo na umbo. Mnunuzi anayeyaona hayo ana sababu ya kuuliza hali ya banda kabla ya kufungua pochi.

Kwa mwenye kununua mayai ya kutotolesha, ukubwa ni hesabu nyingine. Kifaranga cha siku moja huwa na uzito wa karibu theluthi mbili ya yai lake, kwa hiyo yai dogo hutoa kifaranga dhaifu. Lakini kuchagua makubwa kuliko yote si jibu, kwa kuwa mara nyingi yana viini viwili au ganda jembamba, na hayatotoi vizuri. Ya ukubwa wa kati, yenye umbo la kawaida na yasiyozidi siku saba tangu yatagwe, ndiyo yenye matumaini.

Aina nyingine za ndege wa kufugwa zinahitaji hesabu zake. Yai la kware lina gramu 10 hadi 12. La kanga ni karibu sawa na la kuku wa kienyeji, lakini limechongoka zaidi na ganda lake ni nene, kwa hiyo husafiri vizuri na kukaa muda mrefu. La bata ni gramu 70 hivi, na la bata mzinga huzidi 80. Trei ya kuku haiyafai haya mawili ya mwisho, na anayelazimisha hupoteza.

Mpakani

Kobero, upande wa Muyinga, na Kabanga, upande wa Ngara, vinafanya kazi kama kituo cha pamoja cha forodha. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zinazozalishwa ndani ya jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa huvuka kwa cheti rahisi cha uasilia, mradi thamani ya mzigo isizidi dola 2,000 za Marekani.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokwama. Utaratibu huo unaondoa ushuru wa forodha. Hauondoi ukaguzi wa afya. Yai ni mazao ya mifugo, na linahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha daktari wa mifugo wa nchi linakotoka.

Mwaka 2017 ulionyesha jinsi hasara inavyoweza kuja kwa siku moja. Januari ya mwaka huo virusi vya mafua ya ndege vilibainika Uganda, kando ya Ziwa Victoria, na nchi jirani zikiwamo Kenya na Rwanda zikazuia kuku na mazao yake kutoka huko. Kabla mwaka haujaisha, Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga vikitoka Kenya, kwa maelezo kwamba viliingizwa kinyume cha sheria na vingeweza kueneza ugonjwa.

Trei yenyewe ni sehemu ya hatari hiyo. Trei za karatasi hunyonya unyevu na kinyesi, na zikirudi kwa mfugaji mwingine hubeba ugonjwa kutoka banda hadi banda. Za plastiki zinazooshwa na kukaushwa ni ghali kuzinunua, lakini zinazunguka kwa usalama zaidi.

Mayai ya porini yana mlango wake, nao umefungwa. Mamba wa Burundi yuko katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, inayozuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliochukuliwa porini. Mamba wa Tanzania yuko katika orodha ya pili, inayoruhusu biashara kwa vibali. Mto ni mmoja na mnyama ni yule yule, lakini sheria inabadilika unapovuka. Anayeokota mayai ya mamba Ruvubu kwa kufikiri ni kitoweo cha bure anajiweka mikononi mwa walinzi wa hifadhi.

Kwa aliye na trei halali, kifaa cha kuanzia ni mizani ya jikoni. Pima trei tupu kwanza, kisha iliyojaa, utoe ya kwanza na kugawanya kwa 30. Kinachobaki ni uzito wa wastani wa yai. Ukipata chini ya 50, unayo hoja ya bei. Ukipata zaidi ya 65, angalia ganda kabla ya kufurahi. Kazi hiyo inachukua dakika moja, na inaweza kufanywa Muyinga, Gitega au Ngara bila kusubiri serikali yoyote itunge madaraja.